Onja kwanza bila iliki

Kericho, mwisho wa Februari

Kwako rafiki yangu Mwanaisha,

Habari za Mombasa? Mama hajambo? Sisi huku wazima, ila jua la mwezi huu limetukalia. Pamoja na barua hii nakutumia robo kilo ya majani. Unakumbuka ulivyoniambia jikoni kwenu kwamba chai ya kwetu ina rangi tu, ladha mnaitia wenyewe kwa iliki na tangawizi? Siku ile nilinyamaza. Leo nakujibu.

Majani mengi ya pakiti ni punje ndogo ndogo au vumbi. Kiwandani majani hunyaushwa usiku kucha, yakapitishwa kwenye mashine zenye meno zinazoyasaga na kuyachana, yakaachwa yapate hewa hadi yageuke rangi ya shaba, ndipo yakakaushwa na kuchekechwa. Vumbi hutoa rangi upesi na kuhimili maziwa, na kwa kazi hiyo silidharau. Lakini haya niliyokutumia hayakusagwa. Yalisokotwa tu, yakabaki marefu. Yamwage kidogo kiganjani uyaone: meusi, yamejikunja kama nyuzi.

Huku tuko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi mingi ni asubuhi jua, mchana mawingu ya Ziwa Victoria yanapanda hadi milima ya Mau, jioni mvua. Udongo ni mwekundu, wenye asidi, na mti wa chai haukubali mwingine. Kwa baridi ya huku juu chipukizi halikimbii. Miezi ya kiangazi kama huu hukua polepole zaidi, kikapu kinakuwa chepesi, lakini ladha ndiyo inakolea. Haya yako yamechumwa mwezi huu huu.

Ungemwona mama shambani! Hulaza ufito juu ya vichaka, na kinachochomoza juu yake ndicho anachochuma: majani mawili na kichipukizi. Vidole vyake vimeingia weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni, hata Jumapili. Kikapu hakishindilii kamwe, kwa maana majani yakibanwa hupata joto na kuanza kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani.

Chai si mmea wa asili ya kwetu. Mbegu zilitoka India, zikapandwa Limuru mwaka 1903, na miaka ya 1920 Waingereza wakafungua mashamba makubwa hapa Kericho, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake hadi miaka ya 1950. Babu alipopata miche yake, baada ya uhuru, majirani walikuwa wakija kuitazama tu. Vichaka vile vile ndivyo mama anavyochuma mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba chai hii inapita mlangoni kwenu. Inalala kwenye maghala ya Shimanzi, inapigwa mnada hapo hapo Mombasa kila wiki pamoja na ya Uganda, Rwanda na Burundi, kisha meli zinaichukua kwenda Pakistan na Misri. Nanyi mnaomba iliki iwasaidie!

Basi nisikilize. Chemsha maji, uyaepue, tia kijiko kimoja cha majani kwa kikombe, funika dakika nne. Usiyachemshe majani. Maziwa, sukari na viungo viweke kando. Utaona wekundu unaong'aa, na mvuke wake una harufu kama ya nyasi zilizokatwa zikaanikwa juani. Kwanza utahisi ukakasi pembeni mwa ulimi. Usiogope, ukishameza utabaki utamu mwembamba unaokawia kooni. Huo ndio niliotaka uujue.

Kikombe cha pili kifanye upendavyo, na mahamri ya mama.

Niandikie ulichokionja, hata kama hukukipenda.

Wako,
Chebet