Ramani za tabianchi zitaje upana wa miraba yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa huku mwisho wa reli tumezoea kuwaachia watu wa pwani, nalo ni kazi ya wanasayansi ya kuviigiza vimbunga vya Bahari ya Hindi ndani ya kompyuta ili kukadiria vitakavyokuwa miaka ijayo.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina ya mabadiliko ya tabianchi hapa mjini Kigoma, na waandaaji wake siwataji kwa kuwa kosa ninalolieleza si lao peke yao. Ukutani ilioneshwa ramani ya mvua za mwaka 2050, wilaya kwa wilaya, na mtoa mada akaeleza kuwa imetokana na modeli (yaani hesabu za kompyuta za kuigiza hali ya hewa) ileile inayokadiria vimbunga vya baharini. Nilisogea karibu. Rangi ya kijani iliyopakwa Uvinza iliendelea bila kukatika hadi Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, kana kwamba katikati hapana tone la maji. Nikauliza miraba ya modeli hiyo ina upana wa kilomita ngapi. Nikajibiwa, kwa heshima zote, kwamba hayo ni ya wataalamu, mwalimu, sisi tuangalie matokeo.

Mimi naona hayo yanaweza kueleweka hata na mwanafunzi wa kidato cha pili. Modeli ya tabianchi huigawa dunia nzima, anga na bahari, katika miraba, na kila mraba hupewa joto moja, upepo mmoja na mvua moja. Lililo dogo kuliko mraba halionekani, bali hukisiwa kwa kanuni za jumla. Nilipokuwa bado nafundisha jiografia, niliwahi kuwapa wanafunzi ramani ya Ziwa Tanganyika na karatasi ya plastiki yenye miraba, kila mmoja ukiwa kilomita 100 kwa 100, kwa sharti kwamba mraba usiofikia nusu ya maji uhesabiwe kuwa nchi kavu. Ziwa letu lina urefu wa takriban kilomita 670, lakini upana wake kwa wastani ni kilomita 50 hivi, na palipo papana zaidi ni kama 72. Walipomaliza kupaka rangi, ziwa lilikuwa limebaki vidimbwi viwili vilivyotengana, na binti mmoja wa Kibirizi, ambaye baba yake ni mvuvi, akauliza: "Sasa mwalimu, dagaa wanavuliwa wapi?"

Kimbunga nacho kina shida hiyohiyo. Jicho lake, ile sehemu tulivu ya katikati, mara nyingi huwa na upana wa kilomita 30 hadi 60, na upepo mkali kuliko wote uko kwenye ukuta wa mawingu unaolizunguka. Modeli yenye miraba ya kilomita 100 haiwezi kuliona jicho wala ukuta huo. Itatoa mzunguko mpana, mlegevu, wenye mvua iliyotawanyika. Si kwamba haioni kitu kabisa. Mwaka 1970 Syukuro Manabe na wenzake huko Marekani walieleza mizunguko ya mfano wa vimbunga iliyojitokeza yenyewe katika modeli yao, ingawa miraba yake ilikuwa ya mamia ya kilomita, na Manabe huyohuyo alikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2021. Lakini kuona kwamba kimbunga kimezaliwa ni jambo moja, na kujua kitavuma kwa kasi gani na kitapita wapi ni jambo jingine.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni vituo vikubwa vya Ulaya, Marekani na Japani vimepunguza miraba hadi kilomita 25 hivi kwa hesabu za miongo mingi, na Wajapani wamewahi kushuka hadi chini ya kilomita 1 kwa dunia nzima, japo kwa kipindi kifupi sana. Katika miraba ya kilomita 25, idadi ya vimbunga na njia zake huanza kufanana na zile zinazoonwa na satelaiti, ila vile vikali kupindukia bado huwa haba kuliko hali halisi. Gharama yake ni kubwa. Ukipunguza upana wa mraba kwa nusu, miraba huongezeka mara 4, na hatua za muda nazo hulazimika kuwa fupi kwa nusu, hivyo kazi ya kompyuta huwa mara 8. Kutoka kilomita 100 hadi 25 ni mara 64. Kutoka 100 hadi 3 ni zaidi ya mara 30,000. Tena bahari nayo haina budi kuhesabiwa pamoja na anga, kwa sababu kimbunga kinapopita huyakoroga maji na kuyapandisha yale ya baridi ya chini, na baridi hiyo hukipunguzia nguvu. Modeli inayoiacha bahari na joto lisilobadilika hukizidishia kimbunga ukali.

Msomaji wa Kasulu au Urambo atauliza haya yanamhusu nini, ilhali hakuna kimbunga kilichowahi kufika kwake. Ni kweli kwamba vimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na ni nadra kuzaliwa karibu na ikweta, ambako msukumo wa dunia kujizungusha ni mdogo mno kuweza kuusokota upepo. Hata pwani yetu imeguswa mara chache: Zanzibar mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kikiwa kimepungua nguvu. Lakini kimbunga kilicho mbali huvuta hewa. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa mashariki mwa Madagaska, upepo wa magharibi kutoka misitu ya Kongo uliingia kwa nguvu Afrika Mashariki na mvua zikawa kubwa, hasa Kenya. Machi 2019, Idai kilipokuwa katika Mlango wa Msumbiji, magharibi mwa Madagaska, mvua za masika zilichelewa katika sehemu kubwa ya ukanda huu. Vimbunga vyote hivyo vilikuwa vya bahari moja na mwezi mmoja. Tofauti ilikuwa upande gani wa Madagaska. Upepo huo wa Kongo, kabla haujafika Nairobi, unapita juu ya paa zetu. Modeli isiyojua kukiweka kimbunga mahali pake itakosea na mvua zetu za msimu.

Kuhusu ziwa lenyewe, ipo modeli ya bara zima la Afrika iliyoendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza kwa miraba ya kilomita 4.5 hivi. Kwa kipimo hicho, upana wa ziwa letu unapata miraba 10 au zaidi, na mawingu ya radi hujijenga yenyewe badala ya kukisiwa. Matokeo yake yalionesha kwamba mwishoni mwa karne hii mvua kali za saa chache zitaongezeka kuliko modeli za miraba mikubwa zinavyosema, na vipindi vya ukavu katikati ya msimu vitarefuka. Nayo ina upungufu wake: iliendeshwa kwa miaka 10 ya sasa na miaka 10 ya baadaye tu, na miaka 10 ni michache mno kwa kitu kinachotokea kwa nadra kama kimbunga. Mvuvi anajua kwamba wavu wenye macho madogo humpatia dagaa lakini ni mzito kuuvuta, na hawezi kuuzungusha ziwa zima kwa usiku mmoja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila gazeti lako linapochapisha habari ya utabiri wa miaka ijayo, liandike modeli iliyotumika ina miraba ya kilomita ngapi na iliendeshwa kwa miaka mingapi, kama mnavyoandika bei pamoja na kipimo cha gunia au debe. Vichwa vya habari vya "vimbunga vitaongezeka" navyo vipunguzwe, kwa sababu ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi la Umoja wa Mataifa (IPCC) haikusema hivyo. Ilisema idadi yake duniani huenda isibadilike au ipungue, ila sehemu ya vile vikali na mvua zake ndizo zitakazoongezeka. Na wanaotuletea ramani za wilaya, watuambie kabla hatujapanga vijiji, mialo na mashamba kwa kuzifuata, iwapo modeli yao inajua kwamba magharibi ya Ujiji kuna maji.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Ujiji, Kigoma.