Mhariri, kuna mnato usiopoteza nishati

Mhariri salaam. Mimi nafundisha fizikia sekondari na naona kurasa zenu za sayansi siku hizi ni simu na akili bandia tu, sio mbaya, ila kuna jambo moja, mnato usiopoteza nishati, naomba mlipe nafasi maana kila nikiligusia darasani wanafunzi wanarukia hapohapo, "kwa hiyo mwalimu mota inaweza kuzunguka milele bila umeme?" Haiwezi, na sababu ya kutoweza ndo utamu wenyewe.

Mnato tunaoujua wote ni ule wa kusonga ugali, unasukuma mwiko, ugali unakukatalia, mkono unachoka na nguvu yako inaishia kuwa joto. Tabaka la maji likiteleza juu ya jingine ni vilevile, lenye kasi linavutwa nyuma, la polepole linaburutwa, mwishowe mwendo unakufa.

Sasa mwaka 1995 wanasayansi Joseph Avron, Ruedi Seiler na Peter Zograf walipiga hesabu za elektroni zilizobanwa kwenye utando mwembamba mno, baridi kali, sumaku kali, ile hali aliyoigundua Klaus von Klitzing mwaka 1980 akapewa Nobel 1985. Hesabu ikawatolea mnato wa aina nyingine kabisa. Tabaka za elektroni zikiteleza, hii kani haizivuti nyuma wala mbele, inasukuma kwa pembe mraba, yaani tabaka zinabanwa zikaribiane au zinasukumwa ziachane, na ukigeuza uelekeo wa sumaku basi iliyokuwa inabana inaanza kuachanisha. Kani iliyo pembe mraba na mwendo haifanyi kazi yoyote, hili hata mwanafunzi wa kidato cha tatu analijua, kwa hiyo hakuna joto linalozalishwa na hakuna nishati inayopotea, lakini pia hakuna hata chembe ya nishati inayoingia! Atakayekuja kukuuzia mashine ya umeme wa bure kwa jina la sayansi hii anakuibia, mchana kweupe.

Halafu mwaka 2009 Nicholas Read wa Chuo Kikuu cha Yale akaonyesha kitu ambacho mimi bado kinanisisimua. Mnato huu unaupata kwa kuchukua idadi ya elektroni kwenye eneo, unazidisha na konstanti ya Planck (namba ya msingi ya fizikia ya vitu vidogo mno) iliyogawanywa kwa 2π, unazidisha na namba moja inayoeleza mzunguko wa wastani wa kila elektroni, kisha unachukua nusu. Ile namba haiji ovyoovyo. Ngazi ya kwanza ya nishati ikijaa ni 1/2, na kwenye ile hali aliyoieleza mwanafizikia Robert Laughlin, ambapo theluthi moja tu ya nafasi za ngazi hiyo ndo imejaa, ni 3/2, mara tatu yake. Maadamu umajimaji wenyewe, yaani hizo elektroni zinazotiririka pamoja, unafanana pande zote, ukibadilisha kidogo jinsi elektroni zinavyosukumana namba inabaki palepale, haisogei ikawa 1.4, na hapo ndo inapoingia topolojia, ile hisabati ya sifa zisizobadilika hata ukikivuta au kukikunja kitu kidogo.

Kuupima ndo shughuli. Umajimaji ukiwa ni ule usioweza kushindiliwa ukapungua ujazo, ule msukumo unajificha ndani ya presha ya kawaida na hauuoni, mpaka uende kuutafuta pembezoni. Mwaka 2019 watu wa Manchester, Uingereza, waliupima kwenye elektroni za grafini (utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja) kwa kusoma volteji karibu kabisa na pale mkondo wa umeme unapoingizwa, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walizungushia sumaku vipande vidogo vidogo vya hematiti (madini ya chuma) mpaka vikawa vinatiririka kama maji huku kila kimoja kinajizungusha, wakausoma mnato kwenye mawimbi ya ukingoni. Ila tusichanganye mambo, kote kuwili mnato wa kawaida upo pia na joto linapotea kama kawaida, na hiyo namba ya Read isiyosogea ni ya zile elektroni za baridi kali, sio ya hematiti.

Ombi langu mhariri, mwandishi wenu akija kuandika haya asije akasema ni umajimaji wenye mnato sifuri. Hiyo ni heliamu iliyopozwa sana, habari nyingine. Huku mnato upo, unasukuma kweli, na unapimika.

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma