Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa ICAO: ndege ikistaafu, siti zake nani anazizika?

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Shikamoo. Najua Kiswahili hakimo kwenye zile lugha sita rasmi za ICAO, shirika lako la kimataifa la usafiri wa anga, ila adabu ni adabu, na pale Montreal hutakosa mtu wa kukusomea.

Nakuandikia kwa sababu ya gunia. Niliwahi kununua siti za ndege, zile za watu watatu watatu za daraja la kawaida, seti mbili, moja nzima na nyingine mbovu ya kutolea spea, jamaa alikuwa anauza vitu vilivyotoka kwenye ndege iliyokatwa na mi nikaona hapa nimepata kochi ambalo jirani yeyote hatakuwa nalo. Nikaiweka ile nzima sebuleni, nikakaa, ikapinduka na mimi kwa nyuma. Kumbe siti ya ndege haina miguu ya kusimamia, ina vijino vya chuma vya kunasa kwenye reli ya sakafu ya ndege, nje ya reli haijui kusimama, ikabidi seremala anichongee fremu ya mbao. Hiyo tuiache, ni ujinga wangu.

Ile mbovu ndo ilinifungua macho. Juu kulikuwa na kitambaa, chini yake kitambaa kingine kizito cha kuzuia moto kimeivisha sponji nzima kama foronya, alafu sponji yenyewe, na gundi kila mahali. Kwenye mikunjo nikakuta kalamu na kipande cha tiketi kilichofifia hakisomeki. Chini ya mto kuna lebo, ina namba ya kipuri, tarehe, na maneno kwamba imefaulu mtihani wa moto. Imetengenezwa kwa nini, na ikichakaa ifanywe nini, lebo haisemi. Fremu ya alumini iliondoka siku hiyo hiyo, mtu wa vyuma chakavu aliibeba huku anacheka. Sponji na kile kitambaa hakuna anayevitaka, na kuvichoma siwezi, vimetengenezwa makusudi visishike moto kirahisi na ukivilazimisha vinatoa moshi ambao sitaki mtu wangu auvute. Vimo kwenye gunia nyuma ya nyumba mpaka leo.

Sasa mheshimiwa, chukua hilo gunia langu uzidishe kwa ndege nzima, alafu ndege nzima uzidishe kwa zile zilizopangwa jangwani. Maana huko ndo zinakoishia, Victorville na Marana kule Marekani, Teruel Hispania, Alice Springs Australia, sehemu kavu ambapo kutu inachelewa na ardhi ni ngumu. Ndege ikifika kuchinjwa kinachotoka kwanza ni injini, hiyo ndo mali yenyewe, kwenye ndege kuukuu injini peke yake zinaweza kuwa na thamani kuliko bodi lote. Alafu magurudumu na miguu yake, vifaa vya rubani, ile injini ndogo ya mkiani. Hivyo vyote vina wateja wanasubiri na kila kimoja kinatoka na faili lake. Bodi linakatwa vipande, alumini inayeyushwa. Airbus walifanya majaribio pale Tarbes, Ufaransa, kuanzia 2005 mpaka 2007, wakaifumua ndege yao moja aina ya A300 na kuonyesha kwamba hadi asilimia 85 ya uzito wake inaweza kurudi kazini. Hongera zao kabisa. Ila ukiuliza kile kilichobaki ni nini, vitu vya ndani ndo vinaongoza kwa usumbufu, kuta, dari, makabati ya juu ya mizigo, kapeti, sponji.

Zile kuta na makabati wengi wanadhani ni plastiki ya kawaida. Sio. Ni kama mzinga wa nyuki uliotengenezwa kwa karatasi ngumu ya kikemikali, ukabanwa katikati ya nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi inayokauka kwa joto, na gundi hiyo ikishaiva haiyeyuki tena, ni yai la kuchemsha, hulirudishi kuwa bichi. Nyepesi, ngumu, haishiki moto hovyo, yaani ina kila sifa ya kukulinda ukiwa hai angani, na sifa hizo hizo ndo zinamshinda anayetaka kuirejeleza. Na usifikiri inatupwa mara moja tu ndege ikifa. Mashirika yanabadilisha mambo ya ndani mara kadhaa ndege ikiwa bado inaruka, kwahiyo ndege moja inaacha nyuma yake vyumba kadhaa vya abiria.

Najua utaambiwa kuna watu wabunifu. Ni kweli, na nawapenda. Southwest Airlines mwaka 2014 walipobadilisha siti zao 80,000 walibaki na ngozi inayofika ekari 43, na sehemu yake ikapelekwa hadi Kenya vijana wakashonea viatu na mipira. Pale uwanja wa Arlanda, Stockholm, Boeing 747 ya mwaka 1976 iligeuzwa hoteli mwaka 2009, watu wakawa wanalala ndani. Lakini ngozi ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye siti, kila mtu anaitaka, na 747 peke yake zilitengenezwa 1,574, hizo hoteli zote alale nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tasnia hii yako ndo yenye makaratasi kuliko zote. Bolti ya ndege ina cheti, kuna vipuri vya injini vinavyofuatiliwa tangu siku vilipozaliwa kiwandani mpaka siku vinapokatwa, na kuna sababu, mwaka 1989 ndege ya Partnair ilianguka baharini karibu na Denmark watu 55 wakafa, bolti feki zikahusika. Kwahiyo kufuatilia kitu mnajua, tena mnajua sana. Na vya ndani navyo vinaua vikikosa karatasi nzuri: mwaka 1996 ndege ya ValuJet ilishika moto Florida na kuua watu 110 kwa sababu ya vile vichupa vya kutengeneza oksijeni vinavyokaa juu ya kichwa cha abiria, vilitolewa kwenye ndege nyingine vikiwa vimepitwa na muda, vikapakiwa kama mzigo na karatasi ikasema ni vitupu. Havikuwa vitupu.

Wenzenu wameshaamka. Magari Ulaya yana sheria tangu mwaka 2000, gari likifa asilimia 95 ya uzito wake lazima itumike tena au irejeshwe. Meli zina mkataba wa Hong Kong wa 2009, ulichelewa mno lakini Juni 2025 umeanza kazi, na meli sasa inatakiwa kuwa na orodha ya vitu vyake vya hatari maisha yake yote mpaka anayeivunja aione. Ndege? Nimefungua Kiambatisho cha 16 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba mama wa usafiri wa anga, ndo chenu cha mazingira, kina juzuu nne: kelele, moshi wa injini, kaboni, na ule mpango wa kufidia kaboni. Yote ni ya ndege inayoruka. Ikizima injini mara ya mwisho mnaihesabu kama haipo, na kuna mahali inabaki pale pale uwanjani, 2015 Kuala Lumpur waliweka tangazo gazetini kutafuta mwenye Boeing 747 tatu zilizotelekezwa, kama mtu anayetafuta mwenye mbuzi aliyepotea.

Na bado, ndege za kisasa kama Boeing 787 na Airbus A350 karibu nusu ya uzito wao ni nyuzi za kaboni na gundi, sio alumini, kwahiyo tabu ya ukuta wa ndani inahamia kwenye bodi lenyewe na hapo mtu wa vyuma chakavu hatacheka tena.

Ninachoomba ni juzuu ya tano. Nchi wanachama ni 193, najua itachukua miaka, mtakaa vikao, kamati yenu ya mazingira itataka takwimu, sawa. Ila kuna kitu kimoja hakihitaji kusubiri hayo yote, ile lebo ya chini ya mto. Ongezeni mstari unaosema sponji hii ni ya aina gani, kitambaa kimewekwa dawa gani ya moto, na kikitolewa kinapelekwa wapi. Nafasi ipo, nimeipima, chini ya maneno ya mtihani wa moto pamebaki kama vidole viwili.

Wako,
Mwenye gunia