Kumtambua Inzi Mdogo kwa Picha: Mambo Tunayohitaji Kuyaona

Picha nyingi tunazotumiwa na wateja huonyesha kitone cheusi ukutani, na swali linaloandamana nazo huwa moja: huyu ni inzi gani, na ninyunyize dawa gani? Sisi huanza kwa kutafuta mahali anapozaliana, kwa kuwa mayai na mabuu yake yamo katika unyevunyevu uliojificha ambako dawa ya kupuliza hewani haifiki. Picha nzuri hutuwezesha kuijua familia ya mdudu, na familia ndiyo hutuelekeza mahali pa kutafuta.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mdudu huyo ni inzi kweli. Inzi wana jozi moja tu ya mabawa, na nyuma yake wana viungo viwili vidogo vyenye umbo la rungu vinavyowasaidia kudumisha mizani wanaporuka. Siafu wenye mabawa na nyigu wadogo wana mabawa manne, ingawa ya nyuma hunasana na ya mbele kiasi cha kuonekana kama jozi moja.

Wanaochanganywa zaidi, tena kwa hasara kubwa, ni inzi wa matunda wa jenasi Drosophila na inzi wenye kibiongo wa familia ya Phoridae. Wote huwa na urefu wa milimita chache, na wote huonekana jikoni. Inzi wa matunda mara nyingi ana macho mekundu na huzaliana katika matunda yaliyochacha au mabaki ya vinywaji vitamu, hivyo kuondoa mabaki hayo na kusafisha pipa la taka kwaweza kumaliza kazi. Mwenye kibiongo amejikunja mgongoni, mishipa minene imekusanyika kwenye ukingo wa mbele wa bawa lake, na akishtuliwa hukimbia kwa vituo vituo kabla ya kuruka. Huyu huzaliana katika vitu vinavyooza, na wakati mwingine katika udongo uliolowa maji machafu kutoka kwenye bomba lililopasuka chini ya sakafu. Mtu aliyemdhania kuwa inzi wa matunda anaweza kusafisha meza kila siku bila mafanikio yoyote, ilhali bomba linaendelea kuvuja. Kwa kuwa mwendo wake ni dalili nzuri, video fupi hutusaidia kuliko picha kadhaa.

Inzi wa mabomba, wa familia ya Psychodidae, hatusumbui sana: mwili na mabawa yake yamejaa manyoya, na wengi humwita nondo mdogo. Mabuu yake huishi katika utando wa utelezi ndani ya mabomba, na utando huo huondolewa kwa kusuguliwa kwa brashi. Usubi mweusi anayerukaruka juu ya vyungu vya maua, mwenye miguu mirefu na mshipa wa bawa uliogawanyika kama herufi Y, ni wa familia ya Sciaridae, na hustawi pale udongo usipoachwa ukauke.

Ili kupata picha yenye manufaa, mweke mdudu katika kichupa ndani ya friza mpaka atulie, kisha mlaze juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, mwanga ukitokea ubavuni. Mpige picha kutoka juu, ubavuni na usoni, na bawa moja lionekane limekunjuliwa. Usiisogeze simu karibu mno. Picha iliyopigwa kwa umbali kidogo ikiwa wazi bila ukungu, kisha ikakatwa ili abaki mdudu tu, ina maelezo mengi kuliko ya karibu yenye ukungu. Mdudu aliyenaswa kwenye gundi asibanduliwe, maana miguu na mabawa vitabaki huko.

Programu za simu zinazotaja jina la spishi papo hapo tunazichukua kwa tahadhari. Spishi nyingi za Drosophila hutenganishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Hata Drosophila suzukii, ambaye wakulima wa matunda laini humwogopa, ana doa jeusi kwenye kila bawa la dume pekee. Jike hana, kwa hiyo kukosekana kwa doa si uthibitisho. Ikiwa spishi yenyewe ndiyo inayotafutwa, tutakuomba utuletee wadudu kadhaa, madume wakiwemo, katika kichupa chenye alkoholi ya asilimia 70.