Mjomba, nyota iliyoshindwa kuwaka

Shikamoo mjomba,

Usiku ule kwako Njombe uliniuliza mbele ya watu: "Nyota yenyewe imeshindwa kuwaka, sasa nani ataishi pembeni yake?" Watu wakacheka, chai ikamiminwa, mazungumzo yakahamia bei ya mbolea. Nakujibu leo.

Nyota hiyo iliyoshindwa kuwaka inaitwa kibete kahawia. Kina uzito wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za Jua letu, mara 13 hadi 80 hivi, kidogo mno kuwasha hidrojeni kama Jua. Jina alilitoa mwanaastronomia Jill Tarter mwaka 1975, ingawa rangi yenyewe inaelekea wekundu uliofifia kuliko kahawia. (Sikulichagua mimi.) Ila kushindwa kuwaka si kukosa joto. Kinazaliwa cha moto, kwa sababu gesi yake imejibana, halafu kinapoa kwa mabilioni ya miaka.

Kumbuka jiko lako la mkaa. Saa mbili tulikaa mbali, magoti yanaungua. Kufika saa tano kila mtu ameshaburuta kigoda hadi miguu inakaribia majivu. Sayari haina kigoda cha kuburuta. Inabaki kwenye njia yake, na ule ukanda ambao maji hayachemki wala hayagandi ndio unaosogea ndani, unaipita, unaiacha kwenye baridi. Ile ya karibu kabisa, ambayo zamu yake inafika mwishoni, ilichomwa tangu utotoni. Maji yake huenda yalishatoroka yote. Hapo ulinishika, nakiri.

Mbona basi watu wanatafuta sayari huko? Kwa sababu kibete ni kidogo, upana wake karibu sawa na wa Mshtarii. Sayari kama Dunia ikikatiza mbele yake inaziba karibu asilimia 1 ya mwanga. Mbele ya Jua haifikishi asilimia 0.01. Tena inazunguka kwa siku moja au chache, hungoji mwaka mzima. Kero ni mawingu: baadhi ya vibete vina mawingu ya chembe za mchanga na chuma, vinajizungusha kwa saa chache, mwanga unapanda na kushuka wenyewe hata bila sayari kukatiza.

Mimi ningeanzia Luhman 16, vibete viwili vilivyogunduliwa 2013, miaka ya nuru 6.5 tu kutoka kwetu. Majirani kabisa.

Sayari ya kukalika pembeni ya kibete haijapatikana hata moja, usije ukanitangaza kijiweni. Desemba nakuja. Safari hii niache nimalize kabla chai haijaletwa.