Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na dozi ya miezi sita ya TB sugu

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Naanza na swali mliloniuliza sana kwenye grupu mwaka mzima, hii dozi ya miezi sita imetoka wapi? Maana sisi wa zamani tulimeza vidonge mwaka na nusu mpaka miwili, na sindano juu yake, kuna wenzetu masikio hayajarudi mpaka leo kwa sababu ya zile sindano, halafu leo mgonjwa mpya wa TB sugu, yaani kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, anamaliza kwa miezi sita na hajachomwa hata moja.

Imetoka hapa hapa Afrika jamani. Mwaka 2006 ilitoka ripoti ya Tugela Ferry, KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini, wagonjwa 53 wa TB sugu sana, walikufa 52. Dokta Francesca Conradie wa Johannesburg alitokea kwenye tiba na utafiti wa HIV, akaja kuongoza utafiti wa Nix-TB ulioanza 2015 hospitali ya Sizwe na nyingine mbili, Cape Town na Durban. Dawa tatu tu, zote za kumeza: bedakwilini, pretomanidi na linezolidi. Waliingia watu 109, nusu hivi wana virusi vya UKIMWI, watu ambao dawa za zamani zilishagoma, na asilimia 90 walikutwa wazima miezi sita baada ya kumaliza dozi! Matokeo yalichapishwa 2020.

Ila mimi kinachonifanya nimheshimu huyu mama ni kilichofuata. Linezolidi ilikuwa miligramu 1200 kwa siku na asilimia 81 walipata shida ya neva, miguu kufa ganzi, kuwaka moto, wengine damu ikashuka. Angeweza kusema wamepona inatosha. Akarudi tena na utafiti wa ZeNix, wakajaribu kupunguza, na waliopewa 600 kwa wiki 26 walipona asilimia 91 na shida ya neva ikawa asilimia 24. Shirika la Afya Duniani (WHO) 2022 wakapendekeza dozi ya miezi sita kwa hiyo 600, na dawa ya nne, moksifloksasini, inaongezwa kama mdudu wa TB bado anaisikia.

Ndo maana mwaka huu mafunzo ya wanachama wanaosindikiza wagonjwa tuliyaweka kwenye madhara ya dawa zaidi ya kitu kingine. Ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana, mhasibu atawasomea mahesabu mkutanoni.

Kwa mwaka ujao naomba jambo moja. Ukimtembelea mgonjwa usiishie kuhesabu vidonge, muulize vidole vya miguu vinasikia? macho yanaona vizuri? anachoka kupanda ngazi? Akisema kuna shida usimwambie avumilie, na asiache dawa mwenyewe, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo wampime damu na daktari aamue kuhusu dozi. Mkikwama nauli mpigieni katibu, hela ya hiyo kazi tumeitenga.