Mwanangu, ukifika msituni inama

Mwanangu Neema,

Nimefurahi sana kusikia umepata kazi ya kiangazi huko Ely, kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Kabla hujaondoka nikwambie jambo ambalo halijanitoka moyoni tangu safari yetu ya kwanza ya kaskazini, ulipokuwa mdogo, ukahesabu miti ya sprusi, ile ya baridi yenye majani kama sindano, kupitia dirisha la gari hadi usingizi ukakuchukua: dunia inazidi kupata joto, na miti ya baridi inalazimika kuhama.

Mimi nimekulia Marangu. Mtoto wa mlimani hajui alijifunza lini kwamba mimea ina kimo chake: chini migomba na kahawa, kisha msitu, kisha vichaka vya baridi, kisha mawe matupu. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo mti unaotafuta ubaridi mlimani hauna safari ndefu. Minnesota haina ngazi hiyo. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Eagle Mountain, ni mita 701 tu. Huku ubaridi unafuatwa kaskazini, mamia ya kilomita, na anayesafiri ni mbegu. Ya sprusi ina kibawa chembamba cha kupeperushwa na upepo, lakini nyingi huanguka karibu na mama yake.

Utakuta msitu wa kijani umesimama, nawe utasema baba anahofia bure. Usitazame juu, mwanangu. Inama. Mti mzima ulioshika mizizi huweza kuvumilia miaka mingi hali ya hewa ambayo mche wake hauiwezi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walilijaribu hilo karibu na hapo Ely, na Cloquet pia. Kwa miaka mitano waliipasha joto miche mahali pa wazi, taa juu yake, nyaya zimefukiwa ardhini. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Nyongeza ya nyuzi 1.6 tu ilitosha kudhoofisha miche ya sprusi, misonobari na hasa balsamu, ule mti wenye harufu tunaouleta nyumbani Krismasi. Mingi ilikufa. Mepo, ule unaowaka mwekundu wakati wa vuli, ulistahimili vizuri zaidi. Lakini huko kaskazini mepo bado ni michache, na kulungu wanapenda kuitafuna ingali michanga. Hicho ndicho kinachonikosesha raha: wa zamani wakiondoka kabla wageni hawajatosha, vichaka ndivyo vitakavyochukua nafasi.

Miti ilishahama zamani, ni kweli. Barafu nene ilipoondoka Minnesota, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, sprusi iliifuata nyuma, na chavua yake ingali imelala kwenye matope ya maziwa. Ila safari ile ilichukua maelfu ya miaka. Hii ya sasa inatakiwa imalizike ndani ya umri wako.

Sasa nina ombi. Beba daftari. Tafuta balsamu moja kubwa, pima hatua kumi kwa kumi chini yake, uhesabu miche yote: ipi ni yake, ipi ni ya mepo, ipi ya mwaloni. Andika tarehe, funga utepe kwenye shina. Nguo za mikono mirefu usisahau, mbu wa huko ni wakali. Mwakani, Mungu akitujalia, nitakuja tuihesabu tena pamoja.

Baba yako